Kuvua Sangara kwa Mshipi

Mimi ni mtu wa Dodoma. Nilipokwenda Ukerewe kumtembelea dada yangu na mumewe, nilisimama ufukoni nikatafuta ng'ambo ya maji, nisiione. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa zaidi ya kilometa za mraba 68,000. Tanzania, Uganda na Kenya zinapakana nalo.

Shemeji aliahidi kunipeleka kuvua sangara. Tuliamka saa kumi alfajiri. Mimi nilikuwa tayari, lakini yeye aliketi kando ya mtumbwi akitazama umeme uliomulika mbali ziwani.

"Shemeji, tungoje kwanza," akasema.

Nilinung'unika, kwani siku zangu za kukaa zilikuwa chache. Ndipo akanieleza sababu.

Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Kwa hiyo upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, na upepo huenda ziwani. Upepo huo hutoka pande zote za ziwa, ukakutana kule katikati. Hewa yenye unyevu hupanda juu, mawingu hujikusanya, na dhoruba huanza. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa hili hutokea usiku na alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wengi wako majini. Wimbi likipiga mtumbwi ubavuni, mtumbwi hujaa maji. Hata mtu anayejua kuogelea huchoka kabla ya kufika ufukoni. Shemeji amezika jirani zake kwa sababu hiyo.

Umeme ulikoma. Saa moja asubuhi tulivaa maboya, tukaondoka.

Mshipi wa shemeji ni uzi mnene wa nailoni. Mwishoni una ndoano kubwa, na juu yake kidogo kuna chubwi, yaani kipande cha risasi cha kuuzamisha. Chambo chake ni kambale mdogo aliye hai. Sangara hupenda kuwinda samaki wanaotembea. Tena kambale huweza kupumua hewa, kwa hiyo hakufa upesi katika ndoo yetu yenye maji kidogo.

"Usijifunge mshipi mkononi," shemeji alinionya. Sangara mkubwa kabisa huweza kupita kilo 100. Akivuta kwa nguvu, uzi hukata vidole, au humtupa mtu majini.

Samaki wa kwanza alinivuta nikashtuka. Nilitaka kumpandisha haraka, lakini shemeji alinizuia. Samaki akitolewa kwenye kina kirefu kwa haraka, mfuko wa hewa ulio tumboni mwake huvimba. Hata ukimrudisha majini, huelea tumbo juu, asiweze kuzama. Basi nilimvuta polepole. Shemeji alimpima kwa fimbo yenye alama ya sentimeta 50. Hakufika. Sheria ya uvuvi ya Tanzania inakataza kuvua sangara mfupi kuliko hapo, kwa sababu bado hajazaa. Tulimwachia, akazama. Kusema kweli nilisikitika, maana ndoo yetu haikuwa na kitu ila chambo. Shemeji aliona kwamba hapo pana wadogo, akapiga kasia tukahamia mahali pengine.

Njiani alinisimulia kwamba babu yake hakumjua sangara. Samaki huyu aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950 kutoka maji mengine. Akaongezeka, akala furu wengi mno, hata aina nyingi za furu zikatoweka. Leo watu wengi hupata riziki kwa sangara huyo huyo.

Karibu na saa nne tulipata mmoja wa kilo sita. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kuelekea kisiwani, ukatusukuma nyumbani. Dada alimpika kwa mchuzi, tukala na ugali wa muhogo. Kichwa nilipewa mimi, mgeni.