Kikombe cha Fedha na Kiti cha Magurudumu

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi wanajeshi na askari polisi mnaotusikiliza makambini, vituoni na mahali pa lindo: kila jioni vijana wengi huketi mbele ya televisheni, au huinamia simu, wakitazama watu wakipigana risasi. Katika picha hizo shujaa hupiga, adui huanguka, na hadithi husonga mbele. Ni nadra kuonyeshwa majeruhi baada ya mwaka mmoja, akijifunza kula kwa mkono wa kushoto au akingoja mtu wa kumsukumia kiti. Ninyi mnaoujua uzito wa bunduki mnafahamu kwamba sehemu hiyo ya hadithi ndiyo ndefu kuliko zote. Leo tutaitazama kwa msaada wa mwandishi mmoja wa Ayalandi.

Sean O'Casey alizaliwa Dublin mwaka 1880 na kufariki mwaka 1964. Tangu utotoni aliugua macho, na maradhi hayo hayakumwacha maisha yake yote. Alifanya kazi za kibarua, na mwaka 1914 alikuwa katibu wa jeshi lililoundwa na wafanyakazi wa mji huo. Hakuwa mgeni, basi, wa silaha wala wa ulemavu. Katika tamthilia yake Juno and the Paycock, iliyochezwa mwaka 1924, yumo kijana aliyepigwa risasi ya nyonga katika maasi ya mwaka 1916, kisha akapoteza mkono katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wengine hujadili ushujaa. Yeye hukaa ndani akitetemeka.

Lakini kazi inayotuhusu zaidi ni The Silver Tassie, ambayo jina lake lina maana ya kikombe cha fedha. Harry Heegan, mchezaji hodari wa mpira, yumo likizoni kutoka Vita Kuu vya Kwanza. Anaishindia timu yake kikombe, anabebwa juu juu kwa shangwe, kisha anarudi vitani. Anaporejea tena nyumbani miguu yake imepooza. Jirani yake, mtu mwenye nguvu aliyekuwa akimpiga mkewe, amerudi kipofu. Siku ya dansi ya klabu, Harry anazunguka ukumbini katika kiti cha magurudumu, huku mchumba wake akicheza na rafiki aliyemwokoa vitani na kupewa nishani. Mwishowe Harry anakiponda kikombe kile kile alichokishinda.

Mwaka 1928 mshairi W. B. Yeats, mmoja wa viongozi wa ukumbi wa Abbey mjini Dublin, aliikataa tamthilia hiyo, akidai kwamba mwandishi hakuwahi kusimama katika medani ya vita hivyo. Ilichezwa London mwaka 1929, na Abbey wenyewe wakaipokea mwaka 1935. Hoja ya Yeats ilipita kando ya jambo lenyewe. Nguvu ya O'Casey haikuwa katika kueleza vita tu, bali katika kueleza kijiji cha watu wanaoshangilia askari akiwa mzima, kisha wakamgeuzia kisogo akiwa amevunjika.

Je, haya yanahusiana vipi na vijana na picha za mapigano? Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Albert Bandura na wenzake waliwachukua watoto 72. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere, na walipoachwa na vitu vya kuchezea wengi wakamwiga. Mwaka 1963 ilionekana kwamba hata waliotazama filamu tu waliiga. Mwaka 1965 Bandura aliongeza jambo zito: watoto walioona mpigaji akiadhibiwa waliiga kwa uchache. Hata hivyo, walipoahidiwa zawadi, nao walionyesha kwamba mafunzo yote walikuwa wameyashika.

Yatupasa kuwa waangalifu. Mwanasesere si binadamu, na dakika chache za majaribio si maisha. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza kwamba michezo ya video yenye mapigano ina uhusiano mdogo na ukali kama vile kupiga kelele na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kuihusisha na jinai za kumwaga damu. Polisi asimdhanie kijana kuwa mhalifu kwa sababu ya anachokitazama. Lakini ni dhahiri kwamba mtoto hujifunza mambo mawili kwa pamoja: kitendo, na malipo ya kitendo. Picha inayoficha majeraha humfundisha nusu ya kwanza tu.

Hata sanamu zetu za ukumbusho husimulia nusu. Sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika wa vita vile vile vya Harry Heegan, inamwonyesha mtu mzima wa viungo, bunduki mkononi. Hiyo ni heshima inayostahili. Lakini waliorudi wakichechemea hawakuchongwa.

Kwa hiyo, ndugu askari, mtoto akikuuliza habari za kazi yako, usimpe sinema. Mpe hadithi nzima. Wala usimtumie mwenzako aliyepoteza mguu kuwa kitisho cha kumwogofya mtoto, maana huko ni kumjeruhi mara ya pili. Mkaribishe nyumbani, mketi naye, mtoto amsikie akicheka na akilalamika kama watu wengine. Waliomvunja Harry Heegan hawakuwa adui peke yao. Walikuwamo pia wale waliompigia makofi kisha wakaendelea kucheza. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika.