Upepo wa Pikipiki Haukupi Nimonia

"Dokta, shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Hivi maziwa nianze kunywa siku ngapi kabla ya safari? Na lazima yawe mabichi, au hata mtindi unafaa?"

Marahaba, mwanangu. Kunywa siku yoyote unayosikia hamu ya maziwa.

Kila mwaka Juni ikikaribia, tunapoandikisha watu wa msafara wa pikipiki wa Dar es Salaam hadi Mbeya, swali hili hunijia kwa sura tatu. Sura ya kwanza ni hiyo ya maziwa. Ya pili ni ya gazeti: likunjwe mara ngapi kabla ya kuingizwa ndani ya shati? Ya tatu ni ya wenye fedha kidogo, wanaotaka kujua kama ile kinga ya kifua ya ngozi inayouzwa kwenye maduka ya vipuri inatosha peke yake au ivaliwe juu ya sweta. Ukiyachuja yote unabaki na swali moja: nifanyeje upepo usinitie nimonia? Mwaka wa kwanza nilimjibu kila mtu kwa upole. Huu ni wa sita.

Sikasiriki kwa sababu watu hawajui. Kila mtu ana asilolijua. Mimi nikifunguliwa kabureta naona vyuma tu. Kinachonikera ni kwamba fedha za msafara huu zinanunua mashine za oksijeni kwa wodi za watoto, na anayezihitaji sana mashine hizo ni mtoto mwenye nimonia. Tunakwenda zaidi ya kilomita 800, tunasimama kwenye stendi tukiomba watu wachangie vita dhidi ya ugonjwa ambao sisi wenyewe tunaamini unaletwa na upepo. Mama amesimama Makambako na mtoto mgongoni, anatazama madume 40 yaliyojaza magazeti kifuani. Amejifunza nini?

Tuanze na upepo wenyewe. Ukienda kilomita 80 kwa saa, hewa inakusukuma kifuani kwa mgandamizo wa paskali 300 hivi. Ukiitaja hivyo inatisha. Kwa lugha ya nyumbani ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha sentimita 3. Jumapili ukienda Coco Beach, maji yakakufika mabegani, kifua chako kinasukumwa mara kadhaa zaidi ya hapo, na sijaona mtu anayetoka baharini akiulizia maziwa. Upepo wa pikipiki unapiga jaketi; likiwa jepesi, unaifikia ngozi. Chini ya ngozi kuna misuli, chini ya misuli kuna mbavu, na safari ya upepo imeishia huko nje. Kifuani hakuna tundu la kuzibwa na gazeti.

Njia ya kwenda mapafuni ni pua na mdomo. Hewa baridi ikiingia puani hupashwa joto na kutiwa unyevu njiani, na inapofika kule ndani kabisa imeshakuwa na joto la mwili, nyuzi 37. Ukiwa Makambako saa 12 asubuhi, mapafu yako hayana habari ya baridi ya nje. Habari hiyo vinayo vidole, na vidole nitavirudia.

Nimonia ni maambukizi. Huletwa na vimelea, bakteria kama nimokokasi au virusi, na wengi wao hukaa puani na kooni mwa watu wazima wenye afya zao, bila kumsumbua mwenye nyumba. Hushuka mapafuni wakakuta mlinzi kalala: kwa mtoto mchanga, kwa mzee, kwa mvuta sigara, kwa mlevi, kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, kwa anayeishi na VVU bila dawa. Mara nyingine humshika hata mwenye nguvu zake. Katika orodha hiyo ya mlango wazi, mwendesha pikipiki hayumo. Yumo kwa sigara yake, kama anavuta.

Kuna watu waliowahi kulijaribu jambo hili kwa miili ya binadamu. Mwaka 1946 Waingereza walifungua kituo cha kuchunguza mafua karibu na mji wa Salisbury. Watu waliojitolea walioga, kisha wakasimamishwa nusu saa nzima kwenye ujia wenye upepo, bado wameloa, halafu wakashinda na soksi mbichi miguuni. Hawakupata mafua kuliko wenzao waliokaa pakavu. Na hayo ni mafua tu, sembuse nimonia. Nitakuwa mkweli: utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba baridi huenda ikapunguza kidogo ulinzi wa pua. Nalikubali. Lakini gazeti halivaliwi puani.

Au itazame Lesotho, nchi ambayo hata sehemu yake ya chini kabisa iko mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na milimani kwake theluji huanguka. Huko shirika la Riders for Health, lililoanzia katika michango ya wapenzi wa mbio za pikipiki Uingereza, limetumia pikipiki kubeba damu na makohozi kutoka zahanati za milimani hadi maabara. Kama upepo baridi ungekuwa unaleta nimonia, makohozi ya kwanza kufika maabara yangekuwa ya dereva.

Sasa maziwa. Wanaoyatetea husema yanasafisha vumbi. Vumbi kubwa linanaswa puani. La wastani linanaswa na ute wa njia ya hewa, na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho vinaufagia ute huo kwenda juu hadi kooni, usiku na mchana, nawe unaumeza au unautema. Lile laini kabisa, la moshi wa dizeli na wa sigara, linazama, na hakuna kinywaji duniani kinacholifuata huko. Maziwa yanapita kwenye umio kwenda tumboni. Hewa inapita kwenye koromeo kwenda mapafuni. Ni njia mbili zilizotenganishwa na kifuniko, na kifuniko hicho Mungu alikiweka makusudi. Siku maziwa yako yatakapofika mapafuni kweli, siku hiyo utaipata hiyo nimonia uliyokuwa unaikimbia.

Nasema hivyo kwa ushahidi. Katika miaka yangu yote ya kutibu vifua, nimonia moja tu naweza kusema ilitokana na pikipiki, na haikuletwa na upepo. Mwenzetu mmoja aliishiwa mafuta njiani. Fundi akachomeka mpira kwenye tenki la pikipiki nyingine, akanyonya, petroli ikamjaa mdomoni na nyingine ikaenda njia ya hewa. Akakohoa mpaka machozi. Wenzake, kwa mapenzi mema, wakamnywesha nusu lita ya maziwa "yakate sumu". Akatapika, na alipotapika akavuta tena petroli ndani, safari hii imechanganyika na maziwa. Usiku akawa na homa, anapumua kama aliyepanda mlima wa Kitonga kwa miguu. Petroli ni nyepesi mno. Tone likiingia mapafuni linatambaa na kuyaunguza. Aliyemeza petroli hanyweshwi maziwa, hatapishwi, na akianza kukohoa hapelekwi kupumzika hotelini. Anapelekwa hospitali.

Lakini fundi alipona, na kisa chake si kinachonikosesha usingizi. Kinachonikosesha ni neno "upepo" linavyotumika kama cheti cha daktari. Kijana wa bodaboda anakuja kliniki na kikohozi cha miezi mitatu. Jasho la usiku lipo, suruali imeanza kumpwaya, na kifuani ana kinga mpya ya ngozi. "Ni upepo tu Dokta, kazi yetu hii unaijua." Ameshameza aina tatu za vidonge vya duka la dawa. Ana kifua kikuu. Na kwa miezi hiyo mitatu amelala chumba kimoja na mke na mtoto. Kipimo cha makohozi ni bure katika vituo vya serikali, na matibabu ni bure. Kilichomchelewesha ni imani kwamba anaijua sababu. Kikohozi kikifika wiki mbili, hata kama unaendesha pikipiki, hata kama barabara yako ni ya vumbi jekundu, nenda kapime. Ukikutwa huna, umepoteza asubuhi moja.

Nyumbani imani hiyohiyo inamwangukia mtoto. Anakohoa, basi anavikwa sweta mbili na kufunikwa blanketi, madirisha yanafungwa upepo usiingie, na jiko la mkaa linaletwa ndani apate joto. Moshi huo ndio adui aliyethibitishwa, nasi tumemkaribisha na kumfungia mlango. Tena mtoto aliyefunikwa gubigubi huwezi kuona anavyopumua. Mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Mbavu zikibonyea ndani kila anapovuta hewa, usisubiri hata chai.

Nimetumia nafasi yangu karibu yote kwa gazeti na maziwa, kwa hiyo ya safari nitayasema mbiombio.

Baridi ipo, na ni hatari, ila hatari yake iko mikononi. Hewa ya nyuzi 10 ukiikata kwa kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaisikia kama nyuzi 4. Vidole vikifa ganzi, breki inachelewa, na kwa mwendo huo kila nusu sekunde ya kuchelewa ni mita 11. Vaa glovu nzito na jaketi lisilopitisha upepo. Huna? Basi hilo gazeti litie, linakinga baridi vizuri tu. Nililolikataa ni jina la dawa. Bonde la Ruaha Mbuyuni utalipita ukivuja jasho, kwa hiyo badilisha fulana kabla ya kupanda Kitonga.

Lala usiku wa kuamkia safari. Mtu aliyekaa macho saa 17 anaendesha kama aliyekwisha kunywa, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinakufumbua macho bila kukuondolea uchovu. Beba maji, unywe kila tunaposimama, hata kama huna kiu. Dar hadi Iringa ni kilomita 500 hivi. Tukiona giza linatukuta kabla hatujafika, tunalala tulipo, na asiyetaka arudishiwe mchango wake.

Tutakwenda kwa makundi ya watu sita, hatutakwenda kama harusi. Anayekwenda taratibu kuliko wote anakaa nyuma ya kiongozi, si mkiani, maana wa mkiani ndiye anayelazimika kukimbia kuliko wote ili kuziba mapengo ya wenzake, na huko ndiko nilikowahi kuwaokota watu. Pangeni upande kwa upande, huyu kulia, yule kushoto, sekunde 2 kati yako na aliye mbele yako moja kwa moja. Ndani ya hifadhi ya Mikumi punguza mwendo. Twiga hasomi alama za barabarani. Kitonga hakuna kupita lori kwenye kona, hata likiwa linatambaa. Mafuta yanajazwa kituoni, na gari la huduma litabeba dumu na faneli, kwa hiyo sitaki kuona mpira mdomoni mwa mtu.

Helmeti ifungwe kidevuni. Iliyofungwa vizuri hupunguza vifo kwa takriban asilimia 40 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 70 hivi. Isiyofungwa huruka kabla yako. Abiria wako naye ana kichwa.

Na kwa wale ambao bado wanataka kinga ya kifua, ninayoijua mimi haiuzwi kwenye duka la vipuri. Ni chanjo ya nimokokasi, sindano tatu, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, bila malipo, kliniki yoyote ya mama na mtoto. Mwenye mtoto wa umri huo ambaye hajazimaliza, ampeleke kwanza, kisha aje na kadi yake ndipo nimwandikishe.