Swichi ya feni bila maelezo huunguza injini

Mganga hajigangi, ndivyo walivyonena wahenga. Mimi hupata riziki yangu kwa kuwafundisha vijana chuoni namna lugha inavyobeba maana kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Hata hivyo, injini ya gari langu iliungua kwa sababu ya maneno machache ambayo sikuyatamka. Naomba msomaji anivumilie nikisimulie kisa hicho, maana nina hakika kwamba sikupatwa peke yangu.

Nilikuwa nikitoka Webuye kuelekea Kitale katika gari dogo la Kijapani, mojawapo ya yale yanayoletwa kwetu baada ya kutumika kwingine. Nilipofika Matisi, pembezoni mwa mji wa Kitale, nilikwama nyuma ya mikokoteni na pikipiki za bodaboda. Mshale wa geji ya joto ukapanda hadi juu, na mvuke ukaanza kufuka chini ya boneti. Kijana mmoja fundi, mwenye kibanda cha mabati kando ya njia, alinijia mbio akiwa na kitambaa mkononi, akanizuia nisifungue kifuniko cha rejeta.

"Tulia kwanza, mzee," aliniambia. "Gari imechemsha. Ukifungua sasa, hayo maji yatakutoa ngozi."

Tulisubiri hadi injini ikapoa. Kisha akachukua nyaya mbili, akaiunganisha feni na betri moja kwa moja, na feni ikazunguka. "Feni ni nzima," akasema. "Shida iko kwa ile kitu inaiamrisha." Kwa maneno hayo mafupi alikuwa ameutenga ugonjwa na uzima, jambo ambalo wataalamu wengi hulifanya kwa kurasa kadhaa. Baada ya nusu saa alikuwa amepitisha waya kutoka kwenye betri hadi kwenye swichi ndogo aliyoifunga chini ya usukani. Akaniagiza niiwashe kila nionapo mshale unapanda. Nilimlipa, nikamshukuru, nikashika njia.

Kwa majuma kadhaa mambo yalikwenda vyema. Kisha mdogo wangu akaniazima gari kupeleka magunia mawili ya mahindi mjini. Alikaa kwenye foleni ya malori mchana kutwa, jua likiwaka na injini ikinguruma. Swichi aliiona, lakini haikuwa na maandishi yoyote, nami sikuwa nimemwambia kazi yake. Alidhani ni ya redio. Alipotanabahi, gasketi ilikuwa imepasuka na kichwa cha silinda kimepinda. Gharama ya kulitengeneza gari ilizidi mshahara wangu wa mwezi mmoja.

Nani wa kulaumiwa? Wepesi wa kulaumu watamtaja fundi wa kando ya njia. Mimi sikubaliani nao, na ili nieleze kwa nini, sina budi kueleza kwanza kazi ya feni yenyewe.

Injini hugeuza sehemu ndogo tu ya nguvu ya petroli kuwa mwendo. Sehemu kubwa iliyobaki huwa joto, na sehemu ya joto hilo hubebwa na maji hadi kwenye rejeta, ambako hupozwa na hewa. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, upepo wa mwendo wenyewe hutosha. Likisimama au likitambaa, kazi yote huwa ya feni. Hii ndiyo sababu gari bovu wa feni husafiri salama kutoka mji hadi mji, likaja kuchemsha kwenye foleni. Kinyume chake pia ni kweli: gari linalochemsha likiwa mbioni kwenye njia tambarare halitaponywa na swichi ya feni. Litazamwe rejeta kama imeziba, pampu ya maji kama inasukuma, themostati kama imekwama.

Zamani feni ilizungushwa na mkanda uliofungwa kwenye injini, hivyo ilizunguka daima, baridi au joto. Peugeot 404, lile gari lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, lilikuwa na feni iliyonaswa kwa sumaku pale tu maji yalipopata moto. Baadaye waundaji walipoanza kuzilaza injini kwa upana wa gari, mkanda haukuweza tena kuifikia feni ya rejeta, nayo ikapewa mota yake ya umeme. Mota hiyo huamriwa na swichi ya joto iliyochomekwa penye maji. Katika magari mengi, feni huwaka joto likifika kati ya nyuzi 90 na 100.

Sasa natutazame ramani. Kitale uko mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na maji yaliyo katika sufuria huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si nyuzi 100 kama kule Mombasa. Kifuniko cha rejeta kikiwa kizima huyabana maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Kikilegea, maji ya Kitale yaweza kuchemka kabla swichi ya joto haijaiamuru feni kuzunguka. Kwa hiyo, kabla hujakata waya wowote, nunua kwanza kifuniko kipya. Ni kitu cha bei ndogo ambacho kimewaponza wengi.

Ikiwa kifuniko ni kizima, na fyuzi ni nzima, na feni huzunguka ikipewa umeme, basi swichi ya mkono ina nafasi yake. Lakini kuna njia mbili za kuiweka. Ya kwanza ni ile niliyowekewa mimi: waya kutoka betri, swichi, feni. Mafundi huiita dairekti. Feni ya gari dogo hula ampea 10 hadi 15, na hula zaidi inapoanza kuzunguka. Umeme wote huo hupita ndani ya swichi iliyo karibu na magoti ya dereva. Wapo hata wanaotumia swichi ya taa ya nyumbani, wakidhani kwamba chombo kinachomudu volti 240 hakiwezi kushindwa na volti 12. Hilo ni kosa. Umeme wa nyumbani hubadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na kila ubadilipo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri haubadiliki, hivyo cheche hudumu na kuila swichi hadi iyeyuke. Waya huo ukikosa fyuzi na ukachubuka, gari zima laweza kuteketea.

Njia ya pili hutumia rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole. Rilei za kawaida huwa na namba kwenye pini zake. Waya mnene hutoka betri, hupita kwenye fyuzi iliyo karibu na betri yenyewe, kisha huingia pini ya 30. Pini ya 87 huupeleka umeme kwenye feni. Pini za 85 na 86 ni za koili: moja hufungwa kwenye bodi ya gari, na nyingine hupokea umeme kidogo, usiofika hata nusu ampea, kutoka kwenye swichi ya dereva. Swichi nayo hupata umeme pale tu ufunguo unapowashwa, ili feni isije ikaimaliza betri usiku kucha. Hivyo mzigo mzito hubaki mbele, na kidole cha dereva hugusa umeme mdogo tu.

Jambo la muhimu zaidi ni kwamba swichi ya mkono isiiondoe ile ya joto. Iliyoharibika ibadilishwe, kisha ya mkono iwekwe sambamba nayo, ili yoyote kati ya hizo mbili iweze kuizungusha feni. Hapo dereva akisahau, chombo hukumbuka; chombo kikishindwa, dereva husaidia. Waundaji wenyewe walilifikiria jambo hili. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990, swichi ya joto ilipangwa ili waya wake ukikatika, feni izunguke bila kukoma. Gari langu halikuwa la aina hiyo. Ama magari mapya ambayo feni zake huamriwa na kompyuta, hayo yasikatwe nyaya kabla ya kupimwa.

Sasa narudi kwenye swali langu. Nasema fundi wa Matisi hakukosa ujuzi wa kutambua ugonjwa, na wala hakukosa lugha. Angalia neno lake: gari imechemsha. Maji huchemka, lakini gari huchemsha. Kwa kiambishi kimoja cha usababishi, mafundi wetu wametenganisha kinachopata moto na kinachosababisha moto huo. Ukisikia fundi akisema maji yanachemka, atatazama maji. Akisema gari inachemsha, atatafuta kiini ndani ya gari. Tofauti hiyo hakuisoma kitabuni. Nao vijana mitaani husema mtu amechemsha wanapotaka kusema ameshindwa. Katika kisa hiki, aliyechemsha ni mimi.

Maana swichi ya mkono huhamisha wajibu kutoka kwenye chombo hadi kwa binadamu, na wajibu unaohamishwa bila maneno hupotea njiani. Swichi ya joto haihitaji kuelezwa. Hulijua joto kwa umbo lake. Swichi ya mkono haijui chochote. Hujua yule aliyeambiwa. Fundi aliniambia mimi, nami sikumwambia mdogo wangu. Kipande cha karatasi chenye maneno manne, "Feni: washa kwenye foleni", kingaliiokoa injini.

Hapa ndipo lawama inapotufikia sisi wasomi. Mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hiyo ilikuwa kazi ya kuheshimika. Mwaka 1992, serikali ya Kenya ilitoa waraka wa sera kuhusu biashara ndogo ndogo na jua kali. Mwaka 2010, katiba yetu ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini fundi wa kibanda cha mabati akitaka kujua kazi ya pini ya 87, ataipata wapi kwa lugha anayofanyia kazi? Ataipata kwa fundi mwenzake, kama naye aliambiwa. Waliomfundisha dairekti walimfundisha walichokijua, na hakuna kijitabu cha kuwasahihisha.

Pendekezo langu si kubwa. Mji wa Kitale una chuo chake cha kitaifa cha ufundi, na haukosi walimu wa Kiswahili. Walimu wa ufundi na walimu wa lugha wakae pamoja na mafundi wa Matisi, wayakusanye maneno wanayoyatumia, wayaheshimu, kisha waandike kijitabu cha kurasa chache chenye michoro: rejeta, feni, fyuzi, rilei. Wasianze kwa kubuni istilahi ofisini na kuwapelekea mafundi kama dawa. Maneno mengi yapo tayari. Kinachokosekana ni kuyaandika.

Nami nimeanza na langu. Gari limerudi kwa fundi yule yule, ambaye nilimweleza yaliyotokea bila kumkaripia. Alisikiliza, akacheka kidogo, akaniuliza kazi ya kila pini ya rilei, kisha akaifunga mwenyewe kwa unadhifu ambao nisingeuweza. Swichi mpya ya joto imo mahali pake, na ile ya mkono iko kando ya geji. Kabla sijaondoka, alichukua kalamu ya wino mzito akaandika juu yake neno moja: FENI.