Kwa Nini Pepopunda Hukaza Misuli?

Tukiinua jembe, ubongo hutuma habari kwa mishipa ya fahamu mpaka kwenye misuli. Ndani ya msuli kuna nyuzi ndogo sana, nene na nyembamba. Habari ikifika, madini ya kalsiamu hufunguliwa, nyuzi nene hushika zile nyembamba na kuzivuta, na msuli unakuwa mfupi. Msuli hujua kuvuta tu, kusukuma haujui. Ndiyo maana hufanya kazi miwili miwili: mmoja ukikaza, mwenzake huamriwa alegee.

Sasa, vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi. Vikiingia kwenye kidonda, hutoa sumu inayozuia ile amri ya kulegea. Basi misuli yote hukaza pamoja: taya hufunga, mgongo hupinda, hata kupumua kunashindikana. Jina linasema pepo, lakini hapa hakuna pepo.

Kwa hivyo tufanye nini? Ukichomwa na msumari au ukijikata na jembe, osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Usipake samadi wala udongo. Nenda dispensari upate sindano. Akina mama wajawazito wasikose chanjo, na kitovu cha mtoto kikatwe kwa wembe mpya.