Makombo ya Mchuzi na Mbwa Wetu

Wasomaji wetu wengi huwapa mbwa makombo ya ugali yaliyolowa mchuzi, wakidhani ni hisani. Ugali mtupu hauwadhuru, wala nyama iliyopikwa isiyo na mifupa; adui ni kitunguu kilichomo mchuzini. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vikiliwa kwa wingi au kidogo kidogo kila siku, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na paka huathirika zaidi. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Dalili hukawia siku kadhaa: mnyama hulegea, fizi hupauka, mkojo huwa mwekundu au wa rangi ya kahawa. Wakati huo mchuzi umekwisha sahauliwa, naye jirani hushitakiwa barazani kuwa amemtilia sumu. Twawasihi machifu na wazee wamwulize kwanza mwenye mbwa: juma lile alimlisha nini?