Kashfa Isimfungie Binti Mlango wa Shule

Uvumi hausubiri kivuko. Wananchi wa visiwa vya Kome na Maisome, wilayani Sengerema, wanaijua adha ya kungoja chombo ziwa linapochafuka. Wanajua pia kwamba maneno mabaya juu ya binti hufika ng'ambo kabla dagaa hawajakauka.

Tumfikirie msichana wa kidato cha pili anayependa katuni. Ndani ya kijarida chake inakutwa barua ya mvulana wa darasa lake. Jioni, huko mwaloni, barua hiyo imekwisha kugeuka mimba. Kesho yake baba anashauriwa amwoze upesi ili aibu ifichike. Mvulana anaendelea kucheza mpira. Kisha wazee hutafuta mchawi, na mchawi huyo huwa katuni.

Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo. Katuni si mgeni nchini. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, aliwachekesha wasomaji huku akiwaonya. Katika miaka ya 1980 vijana waligombania Sani. Shujaaz, iliyoanza Kenya mwaka 2010, ilizungumza nao juu ya maisha yao wenyewe. Binti anayesoma kisa cha msichana aliyelaghaiwa kwa zawadi huuona mwisho wa safari kabla hajapanda chombo. Ni wazazi wangapi wanaokaa na binti zao wakawaeleza hayo?

Hatari iko kwingine. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa shule kwa kosa dhidi ya maadili, na wasichana waliopata mimba wakafukuzwa. Lakini Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba walioacha masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, waruhusiwe kurudi. Ikiwa aliyekwisha kujifungua hafungiwi mlango, afungiweje yule ambaye kosa lake lote ni barua?

Aidha, sheria haimlengi binti. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Nayo Mahakama ya Rufani, mwaka 2019, ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au 14 kwa kibali cha mahakama, vinapingana na Katiba. Kwa hiyo baba anayemwoza mwanafunzi ili kuficha aibu haifichi. Anaacha aibu na kuingia katika jinai.

Tunawaomba watendaji wa vijiji na walimu wakuu wasihukumu kwa minong'ono. Wamsikilize binti kwanza, faraghani, mbele ya mama au shangazi yake. Ikiwa nyuma ya maneno hayo yuko mtu mzima, afikishwe polisi. Mambo hayo yasimalizwe kwa ng'ombe na vikao vya usiku. Ikiwa ni barua ya watoto, waonywe wote wawili, kisha warudi darasani.

Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, na wana-Sengerema wakapumua. Kumvusha binti aliyechafuliwa jina hakuhitaji nondo wala saruji. Kunahitaji wazee wanaojua kunyamaza, na mwalimu anayeacha mlango wazi.