Hematiti ya Alief yabanwa na bangili za sumaku

Bangili nyeusi zenye mng'aro wa chuma bado zina soko Alief, kusini magharibi mwa Houston. Mama mwenye maumivu ya kiwiko ananunua, kijana anayependa kupendeza ananunua, na mzee anayetaka tasbihi yenye uzito mkononi naye ananunua. Ugomvi uko kwenye kile hasa wanachouziwa.

"Nikiandika 'hematiti asilia' mteja ananipita," analalamika mfanyabiashara mmoja anayechukua mzigo wa jumla Harwin Drive na kuomba asitajwe jina. "Jirani yangu kaandika 'hematiti ya sumaku', anauza nusu ya bei yangu, halafu mimi ndiye ninayeambiwa nauza feki kwa sababu shanga zangu hazinasani."

Ana haki ya kulalamika. Hematiti ni oksidi ya chuma, na chuma ni karibu asilimia 70 ya uzito wake, lakini sumaku haiivuti kwa nguvu. Zile zinazonasana ni feriti, unga uliokandamizwa na kuchomwa kiwandani, nyingi zikitoka China. Mfanyabiashara huyo aligeuza kigae cha bafuni, akaburuza jiwe lake upande usiong'arishwa: likaacha mstari mwekundu wa rangi ya kutu. Shanga ya sumaku iliacha weusi. Na kuhusu kiwiko, hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba bangili ya sumaku inatibu maumivu.

Afisa mmoja wa forodha anadai hali imedhibitiwa tangu msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800 ulipoondolewa mwaka 2025. Kiwango hicho cha dola 800 alikirudia kama vile kinajibu kila swali. Hakijibu. Mzigo wa jumla husafiri kwa kontena, haukuwahi kuhitaji msamaha huo, na ushuru haumwambii mnunuzi jiwe ni lipi. Mwongozo wa shirikisho tayari unamtaka muuzaji aeleze wazi kama jiwe ni la kuiga. Kwenye meza nilizopita, neno feriti halikuandikwa popote.

Afrika Mashariki hematiti ipo, mathalani Muko, kusini magharibi mwa Uganda, ila huko inazungumzwa kama madini ya kuyeyushia chuma, si shanga.

Huenda sikukuu zikainua mauzo kidogo. Mfanyabiashara wetu anafikiria kuacha bangili na kubaki na tasbihi, ambazo wateja wake huzipima kwa uzito na ulaini, mradi bei ya jumla isipande tena.